Pumzi Kabla ya Aleluya

Marehemu mume wangu alikuwa fundi viatu mwenye pumu na kichwa kigumu. Ndiye aliyetunga sauti ya zaburi ya Pasaka tunayoiimba kanisani kwetu: mimi nikiimba beti, yeye akianzisha aleluya, waumini wakidakia. Kabla ya kuanzisha ilimbidi avute pumzi, na pumzi yake ilikuwa na safari ndefu. Kanisa zima lilizoea kumngoja. Nilikuwa nikimtania kwamba Bwana mwenyewe alifufuka upesi kuliko hapo, naye akicheka mpaka akakohoa.

Tulimzika Kwaresima ikikaribia. Mwalimu mpya wa kwaya, mtu mstaarabu kweli, alizitazama nota akasema, "Mama, hapa hapana kituo. Tutaingia moja kwa moja."

"Hapo ndipo alipokuwa anapumulia."

"Pole sana, mama. Lakini sasa wimbo ni wa wote."

Roho iliniuma. Nguo zake nilikwisha kuzigawa, nyundo na sindano zake amezichukua shemeji. Kwangu ilibaki ile pumzi tu, nayo sasa inafutwa kwa adabu.

Tukafanya mazoezi ukumbini Kwaresima nzima, mpaka kwaya ikanyooka. Lakini Kwaresima aleluya haiimbwi kanisani, kwa hiyo waumini hawakuwa na habari yoyote. Hilo hakuna aliyelikumbuka, hata mimi.

Jumapili ya Pasaka nilisimama mbele. Nikaimba ubeti wa kwanza, ule wa kushukuru. Nilipomaliza tu, kinanda cha mwalimu kikaingia, na kwaya ikaingia nacho kama ilivyofundishwa. Waumini kimya. Kisha, kuanzia mabenchi ya mbele hadi mlangoni, nikasikia watu wakivuta pumzi, ndefu, ya mtu mwenye pumu. Ndipo aleluya yao ikaja, imechelewa, ikaifunika kwaya yote.

Machozi yakanitoka mbele za watu na sikuyafuta. Nilidhani namlilia peke yangu, kumbe sivyo.

Mwalimu alinitazama, nami nikaanza ubeti wa pili. Kiitikio kilipofika, aliondoa mikono kwenye kinanda, akavuta pumzi pamoja nasi.