Mkono Aliopewa Anande

Abdiel alipoiwasha mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, mkono wa kulia wa shemeji yake Anande ulikuwa bado ndani, ukichomoa bua lililokwama. Hospitali wakaukata juu ya kiwiko cha mkono. Abdiel aliapa mbele ya ukoo kwamba Anande ndiye aliyemwambia awashe. Elisaria, mume wa Anande, alinyamaza, kwa kuwa Abdiel ni kaka yake mkubwa. Kwa miaka mitatu Anande hakumsalimia Abdiel, ingawa migomba yao ilitenganishwa na mfereji tu.

Mwaka huu alichaguliwa kujaribu mkono bandia wa aina mpya katika karakana moja ya Kijenge. Vidole vyake vinapogusa kitu, mitetemo midogo hupita kwenye kigutu, kila kidole na mahali pake. Joyce, fundi wa karakana, alimwambia mwanzoni ataona kama siafu wanatambaa kwenye kigutu, kisha atazoea. Katika mazoezi Anande alivunja mayai mengi. Siku aliposhika yai akajua amelishika kabla hajaliangalia, alilia, halafu akamfokea Joyce aache kumtazama.

Mzee wa kanisa, Frederick, akaona wakati umefika wa kuwapatanisha. Aliwakutanisha nyumbani kwa Elisaria, pamoja na majirani wachache. Abdiel akaanza kwa kusema kwamba amemsamehe Anande kwa uongo wake. Frederick akawataka wapeane mikono.

Anande akatoa mkono mpya. Abdiel aliushika, akawageukia watu akitabasamu, na kuanza kuukaza. Mitetemo ikapanda kwenye kigutu. Kisha Anande akahisi kidole cha mwisho kikisukumwa nyuma, taratibu, kama mtu anayejaribu kuvunja kijiti.

"Shemeji, unaniminya," alisema.

"Plastiki nayo inasikia?"

"Inasikia. Sasa hivi unakipinda kidole cha mwisho."

Watu wote wakaitazama ile mikono. Abdiel akaachia, kidole kikabaki kimepinda. Akasema alikuwa anatania tu.

"Hata siku ile ulijua mkono umo ndani," Anande alisema.

Elisaria akasimama. Akamuuliza kaka yake kama ni kweli, mara ya kwanza tangu ajali ile. Abdiel akajibu kwamba hawezi kuhojiwa na mdogo wake, akachukua kofia yake na kutoka. Frederick alitaka wafunge kwa sala. Anande akamwambia akasalie barabarani.

Jumatatu alikwenda Kijenge, na Joyce akabadilisha kidole kile kwa saa moja. Elisaria alimfuata mkewe bila kualikwa. Walipokuwa wakisubiri, alimwomba msamaha kwa sauti ndogo, akanyoosha mkono kumshika. Anande akauondoa wake, akahamia benchi jingine.