Tangi Lisafishwe

Kila Jumamosi ya mwisho ya mwaka, Mama alitandaza kalenda mpya juu ya meza ya jikoni na kuijaza kwa kalamu ya bluu. Mtungi wa gesi ujazwe. Visu vinolewe. Chujio la maji libadilishwe. Baba apelekwe kwa daktari wa meno. Hakuandika nani afanye, na katika nyumba ile hapakuwa na haja. Kila kilichoishia na -we kilikuwa cha Mama.

Baba, mumewe, alikuwa fundi bomba, hodari wa mabomba ya watu. Bomba la jikoni kwake lilikuwa likivuja mwaka wa sita sasa. "Mganga hajigangi," alisema kila akilitazama, akacheka peke yake.

Mwaka huu Mama alipofika Agosti alikuta Jumanne ya pili imeshajazwa. Mwandiko ni wake, wino ni wa kijani: Mama azikwe, saa kumi jioni. Alijaribu kukumbuka kalamu ya kijani aliinunua lini, akashindwa. Akawasomea wa nyumbani.

Mumewe alivaa miwani, akatazama Jumanne, kisha Jumatano.

"Sasa na tangi?" aliuliza. Jumatano ilikuwa siku ya kusafisha tangi la maji lililo juu ya paa.

"Na sare zangu za benki, Mama?" aliuliza binti yao, mwenye miaka ishirini na tisa. "Nani atapiga pasi?"

Mama alipigwa na butwaa. Si kwa sababu ya kufa, maana kufa kila mtu atakufa. Alikaa na kalamu mkononi hata chai ikapoa, akasubiri mmoja wao aseme neno jingine. Walikuwa wameshahamia kwenye taarifa ya habari.

Basi akaamua jambo moja: tangi lile hatalisafisha. Litakuwa lao. Alimwonyesha mumewe brashi ilipo, akamwonyesha binti ngazi.

"Agosti iko mbali, Mama," binti alisema.

Iliposalia siku moja, mumewe alimwambia, "Si ungemalizia tu na tangi, mke wangu, uondoke roho safi?"

"Hilo ni lenu," Mama alijibu.

Jumanne alianika nguo, akajilaza, na saa nne asubuhi akafa. Mpaka saa saba hakuna aliyekuwa amemwarifu mtu. Baba na binti walikaa sebuleni wamevaa vizuri, wakisubiri.

"Si imeandikwa azikwe?" Baba alisema.

Mama akaamka. Alikwenda ofisi ya vizazi na vifo, akapanga foleni.

"Marehemu ni nani?" karani aliuliza.

"Ni mimi."

"Kitambulisho." Akagongewa muhuri. Kutoka hapo alipita kwa seremala kuhimiza jeneza, akapatana na wachimbaji, akawapigia ndugu simu mmoja mmoja. Saa kumi kamili akazikwa.

"Hongereni, mmejipanga kweli," waombolezaji walisema.

"Tumejitahidi," Baba aliwajibu.

Jumatano maji ya bomba yalitoka ya njano. Baba na binti walisoma kalenda: Tangi lisafishwe. Walikaa. Saa tatu brashi ikasikika ikikwaruza juu ya paa, na Baba akamkonyeza binti, kama mtu aliyeshinda ubishi.

Mama alishuka ngazi akiwa na udongo mwekundu hadi magotini. Alisimama mlangoni akiwatazama. Tangu kaburini alikuwa amejiambia kwamba atawakuta wakiwa juu ya paa, kwamba atarudi kulala bila neno.

"Mama, jamani, sakafu!" binti alisema.

Mama alitazama sakafu, akaona ni kweli. Akachukua ndoo na dekio.

Wakati anadeki, Baba aliinuka, akaiendea kalenda. Katika ndoa ya miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuishika kalamu ile. Aliandika taratibu, ulimi nje kidogo, kwenye Jumanne inayofuata: Mama azikwe tena.

"Safari hii nimekupangia mapema," alisema, akitabasamu, "usije ukahangaika kama jana."

Mama alisoma, akakamua dekio, akauliza saa ngapi.