Waliolala Juu ya Lango la Mashariki

Geng Fuquan alikuwa ameketi kizingitini mwa kibanda cha lango, akila uji wa mchele na yai la bata lililokolea chumvi, maji ya Mfereji Mkuu yalipofika kwenye mstari mwekundu wa hatari uliochorwa kwenye nguzo ya lango. Alilichokonoa yai kwa kijiti mpaka mafuta ya kiini yakachuruzika, akayanyonya, ndipo akainuka kwenda kutazama. Mstari ulikuwa umeloa. Akarudi kumalizia uji, maana ukipoa hauliki.

Pale Baiyan mfereji uko juu na mji uko chini. Ukisimama sokoni utaona matishari ya makaa na mchanga yakipita juu ya mapaa, na wala hutashangaa. Kwa miaka mamia matope yaliinua sakafu ya mfereji, watu nao wakainua kingo, matope yakafuata. Zamani mashua zilibeba mchele wa mfalme kuelekea kaskazini, na amri ilikuwa moja tu: mfereji usivunjike. Maji yakizidi, lango la mashariki lilifunguliwa, yakamwagikia bondeni kwenye mashamba ya mpunga. Mji ukapona, mchele wa mfalme ukapita. Watu wa bondeni wakangoja maji yakauke, wakalima tena.

Ndiyo sababu wafu walikuwa wamelala juu ya lango.

Walikuwa wakulima wa bondeni wa enzi hizo, waliopanda ukingoni na kujilaza juu ya lango ili lisifunguliwe kabla ya mavuno. Lilifunguliwa wakiwa wamelala. Tangu hapo, kila mwaka joto likianza kukaza, huja na mikeka yao na kujipanga bega kwa bega, nguzo hadi nguzo. Hawali wala hawasumbui mtu. Wananukia udongo mbichi, na mbu hawawasogelei, kwa hiyo wazee wa mjini hupenda kuchezea karata karibu nao.

Na kila mwaka, siku ya kalenda ya zamani iitwayo Mwisho wa Joto, Bibi Chai, ambaye mkeka wake uko jirani na kibanda, huinuka kwa kiwiko na kumwuliza mlinzi wa lango kama mpunga umekatwa. Mlinzi hujibu kwamba umekatwa. Wafu hukunja mikeka na kwenda zao. Kusema kweli siku hiyo mpunga huwa bado mbichi, kwa sababu mbegu za siku hizi huchelewa kuiva. Lakini maji huwa yameshapungua, na kumridhisha mzee kwa neno moja ni adabu. Geng alikuwa amejibu hivyo tangu aanze kazi.

Mwaka huu maji yalikuwa kwenye mstari, na Mwisho wa Joto ilikuwa kesho.

Mkuu Ruan, aliyesimamia mambo ya maji mjini, alifika kwa pikipiki, suruali imekunjwa hadi magotini. Asubuhi mafundi walikuwa wamejaribu winchi. Mnyororo ulikaza, ukalia, lango halikunyanyuka hata unywele. Wafu si wazito, lakini ni wengi.

"Mzee Geng, hawa watu wako wanaondoka lini?"

"Kesho, wakiambiwa mpunga umekatwa."

"Waambie leo."

"Leo hawajauliza."

Ruan akajifuta jasho. "Nimewaomba kistaarabu. Yule mwenye msuko mrefu ameniambia nikalale kwa mama yangu."

"Ndivyo alivyo huyo. Msamehe."

"Kesho basi. Akiuliza, jibu kama siku zote. Mji mzima uko chini ya haya maji, na wewe umo."

Hilo Geng alilijua. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa chini kabisa, kuta zake hata kiangazi hutoka jasho. Lakini mkewe, Qiaodi, alizaliwa bondeni, na kaka yake, Maosheng, alikuwa amepanda kila shubiri ya shamba alilokodi.

Jioni Qiaodi alikuja na kikapu.

"Baba Yun, kaka ametuma bata."

"Anasemaje?"

"Hajasema kitu. Ametuma bata."

"Mmoja?"

"Wawili."

Geng akafunua kikapu. Maosheng alikuwa mtu ambaye hata harusini alileta shingo na miguu ya bata tu.

"Na wewe unasemaje?" akauliza.

"Mimi? Nikisema lifungwe, mimi na Yun tunalala majini. Nikisema lifunguliwe, kaka yangu anakula nini? Usiniulize mimi."

"Basi sikuulizi."

"Usiniulize. Shika huyu, nyonyoa."

Wakanyonyoa bata, kila mtu wake. Bibi Chai, aliyekuwa akiwatazama kutoka mkekani, alimwambia Qiaodi kwamba manyoya ya kifuani asiyatupe, yanafaa mto wa mtoto. Qiaodi akayatia kwenye kitambaa.

Siku ya pili Ruan aliwahi. Alikuwa amebeba mganda wa mpunga wa dhahabu, ulioletwa kwa lori kutoka kusini, ambako huvuna mapema. Bibi Chai alipoinuka kwa kiwiko, Ruan alimwekea mapajani kabla hajafungua kinywa.

"Umekatwa, Bibi. Huo hapo."

Bibi Chai akaunusa mganda, akaupakata kama mtoto mchanga. Akaanza kufunga mkeka kwa kamba ya nyasi, kwa uso wa mtu anayekwenda nyumbani. Mikeka mingine ikaanza kukunjwa. Kisha akageukia kibandani.

"Usinune, bwana mkubwa, mimi nimezoea kumwuliza huyu. Mwanangu, mpunga umekatwa?"

Geng alitazama kamba ya nyasi. Ilikuwa imefungwa vibaya na ingefunguka njiani.

"Haujakatwa, Bibi."

"Haujakatwa?"

"Bado kijani."

"Haya," akasema Bibi Chai. Akamrudishia Ruan mganda wake kwa mikono miwili, akafungua mkeka, akajilaza. Mikeka ikasikika ikitandikwa tena, nguzo hadi nguzo.

Ruan hakugomba. Alimpa Geng sigara, akawasha yake, akatoa simu. Kaskazini mwa mji kulikuwa na lango jingine, la zege, lenye mota. Hakutaka kulitumia kwa sababu lilikuwa halijazinduliwa, na wakubwa wa mkoa walikuwa wameahidi kuja.

"Kateni utepe," akasema kwenye simu. "Fungueni."

Nalo lilifungukia bonde lilelile. Lilikuwa jipya, hakuna mtu aliyekuwa amewahi kufa juu yake.

Alasiri mstari mwekundu ulikuwa umekauka. Mjini nyumba za chai zilifungua milango, na matishari yaliyokuwa yamefungwa kamba yakaanza kupita. Maosheng aliingia mtaa wa chini na mkewe, godoro limefungwa juu ya baiskeli ya mizigo. Qiaodi akampakulia. Kaka mtu akala bata wake mwenyewe, akasema amepikwa vizuri.

Jua lilipokuwa linazama, Geng alichukua upepeo wa majani, akaketi kando ya Bibi Chai, akawa anampepea ingawa hakuwa na jasho. Huko chini, mashariki, bonde lote lilikuwa jeupe kwa maji.

"Mbona kunametameta?" akauliza Bibi Chai.

"Ni mpunga, Bibi. Jua linaupiga. Umeanza kuiva."

Bibi Chai alimtazama sana, kama mama anavyomtazama mtoto anayesema ameshakula. Akampigapiga gotini. Kisha akamgeukia yule mwenye msuko aliyelala ubavuni pake.

"Unaiva," akamwambia.

Yule akamwambia wa pili, wa pili akamwambia wa tatu, na neno likatembea mkeka kwa mkeka hadi nguzo ya mwisho, ambako mtu mmoja alicheka kwa furaha.