Kina cha Upande wa Watoto

Jumatano saa nne kasorobo asubuhi, mtunza majalada wa idara ya michezo alikinga ndoo ya tatu chini ya droo namba kumi na tisa, akakamua tambara, akarudi mezani na mabuti yake ya mpira kuwasikiliza wageni. Wageni walikuwa wawili. Mmoja alikuwa bibi wa miaka themanini na minne, amekaa wima kwenye benchi na mkoba mapajani. Watu walimwita Bi Rula. Jina lake halikuwa hilo, ila marehemu mumewe alikuwa mchora ramani, mtu wa kupima kila kitu mpaka nafasi kati ya sahani na kikombe, wakampachika jina la Rula. Na mke wa Rula ataitwaje tena? Wa pili alikuwa binti yake, muuguzi, aliyeomba ruhusa ya nusu siku kazini.

"Tumekuja kwa ajili ya ramani ya bwawa la kuogelea," alisema binti. "Ile aliyochora baba."

"Ndiyo hiyo inayovuja," alisema mtunza majalada, akiionyesha droo kwa kidevu.

Bi Rula aliitazama ndoo akauliza kama maji ni masafi. Akaambiwa ni masafi kabisa, yana dawa kidogo, na siku mabomba ya jengo yakikauka wafagizi hudekia hayo hayo. Fundi bomba alikwisha kuja mara tatu. Mara zote alisema ukuta ule hauna bomba, akaandika hivyo kwenye daftari lake, akaenda zake. Hapo ofisini hakuna aliyelivalia njuga jambo hilo. Mfagizi mmoja alikuwa amezamisha mkono droo ilipokuwa wazi, mkono ukawa mdogo kama wa sisimizi, akautoa ukarudi ulivyokuwa. Basi ikajulikana kuwa ramani ni ya kipimo cha moja kwa mia, na anayeingia huwa moja kwa mia. Mtunza majalada mwenyewe alijifunzia kuogelea humo, saa za chakula cha mchana, na mgongo uliokuwa ukimsumbua ukapona.

Sasa, asiyejua na aambiwe. Zamani mataifa yalipokutana kukimbia na kuruka, yalishindana na kwa sanaa pia. Kulikuwa na medali za wachoraji na wachongaji, za watunzi wa mashairi na wa muziki, hata za wachora ramani za majengo, mradi kazi ihusu michezo. Mtu aliweza kupata medali kwa shairi la mbio za baiskeli na baiskeli yenyewe hajui kuipanda. Mambo yakaenda hivyo miaka mingi. Halafu wakubwa wa michezo wakakaa kikao, wakaona kwamba wasanii wanaishi kwa kazi ya mikono yao, na michezo ile ni ya watu wa ridhaa wasiolipwa. Wakayafuta mashindano ya sanaa. Na kwa kuwa kalamu walikuwa nayo mkononi, wakazitoa na medali za nyuma kwenye hesabu.

Bwana Rula alipata ya pili. Ya kwanza hakupewa mtu, waamuzi walisema hakuna kazi iliyoistahili, kwa hiyo alishindwa, ila aliyemshinda hakuwepo. Bwawa lenyewe halikujengwa. Kiwanja chake, nyuma ya idara, kikawa maegesho ya magari ya wakubwa. Mlangoni kulikuwa na ubao wa rangi ya dhahabu uliosema taifa lina medali kumi na moja, na binti alikuwa ameandika barua nne akiomba zifanywe kumi na mbili.

"Majibu ya barua yako yamefika leo," alisema mtunza majalada. "Nikusomee?"

"Baadaye," alisema Bi Rula. "Mimi sikuja kwa medali. Nimesikia Ijumaa mnazitoa karatasi za mashindano yale."

"Ndiyo, mama. Zinakwenda kiwandani, wanatengeneza trei za mayai."

"Basi nataka kuingia kabla ya Ijumaa."

Binti akageuka. "Mama, tulisema unakuja kuiona tu."

"Wewe ulisema. Mimi nilinyamaza."

Tangu miaka hamsini na saba iliyopita, Bi Rula hakuwahi kuingiza mguu kwenye maji yanayozidi beseni. Mwaka huo mtoto wake wa kwanza, msichana wa miaka mitano, alitumbukia kwenye shimo la machimbo ya kokoto nyuma ya nyumba zao, mvua ikiwa imelijaza mpaka mdomoni. Baada ya maziko Bwana Rula alikaa mezani, na hakuinuka kwa miezi mitano. Alikuwa akichora bwawa la kuogelea. Mke alipika, akadeki, akapokea waliokuja kutoa pole, na kila akipita pale mezani aliona mistari ya penseli imeongezeka. Siku moja, sinia la vyombo mikononi, alimwambia, "Mtoto amekufa maji, na wewe unachora maji."

 Bwana Rula alichonga penseli, akaendelea.

Waliishi pamoja miaka arobaini baada ya hapo, na si kwa ubaya. Walipata mtoto mwingine, huyu muuguzi. Walicheka, walinuniana, waliuguzana. Lakini neno lile mke hakulifuta, na mume hakulijibu mpaka anaingia kaburini. Ramani ilikuwa imesafirishwa mashindanoni wino wa jina lake haujakauka vizuri, na iliporudi ilipelekwa idarani moja kwa moja, kwa hiyo Bi Rula hakuwahi kujua mumewe alikuwa akichora nini hasa miezi ile yote. Alidhani alikuwa akitafuta sifa. Jambo hilo alilibeba moyoni kama jiwe kwenye kiatu, na alikuwa amechoka kutembea nalo.

"Kuna fomu?" aliuliza.

"Ipo ya kusoma jalada," alisema mtunza majalada. "Ya kuogelea haijachapishwa. Tunatumia hiyo hiyo. Una nguo ya kubadilisha, mama?"

Bi Rula akafungua mkoba. Kanga mbili zilikuwemo, zimekunjwa, na chupi kavu kwenye mfuko wa nailoni. Binti akaona kwamba jambo hili lilipangwa tangu nyumbani, akatikisa kichwa, akaanza kumsaidia kuvua viatu.

Mtunza majalada alitandika gazeti juu ya meza ndefu, akaileta ramani kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu aliyebeba sinia la uji. Maji yalicheza kidogo yakatulia. Akazima feni, kwa sababu siku moja upepo wake ulileta mawimbi akanywa maji mengi. Akamwomba muuguzi asogeze kikombe chake cha chai. Kisha akaweka kiti kando ya meza, akageukia dirishani kwa heshima mpaka Bi Rula alipokwisha kujifunga kanga.

"Ngazi ziko upande huu, mama. Tatu tu. Shika chuma."

Bi Rula alisimama juu ya kiti, mkono mmoja begani kwa binti yake. Alitaka kurudi, na angerudi, ila alikwisha kuvua viatu mbele za watu, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akapiga moyo konde, akashusha kidole gumba cha mguu wa kulia kwenye ngazi ya kwanza. Bega la binti likabaki bila mkono. Mama alikuwa kule chini, mrefu kama punje mbili za mahindi, ameshika chuma.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Kuta zilikuwa nyeupe, rangi ya karatasi nzuri, na kila kigae kilikuwa kimezungushiwa mstari wa penseli ulionyooka. Mkono wa mumewe aliujua. Hakuna mwanadamu mwingine aliyenyoosha mstari namna ile pasipo na haja. Kando ya ngazi palikuwa na vyuma viwili vya kushikia, kimoja cha kawaida, kingine chini sana, mpaka ilibidi ainame kukifikia. Alitelemka ngazi ya pili, akatelemka ya tatu, akasimama sakafuni. Juu kabisa, mahali pa mbingu, paliinama uso wa binti yake, mkubwa, na tundu zake za pua.

"Mama, unajisikiaje?" Sauti ilishuka kama radi ya mbali.

"Usihemee bwawani," alijibu Bi Rula.

Sakafuni, karibu na miguu yake, palikuwa na tarakimu mbili, kila moja ndefu kama rula ya mumewe. Saba na saba. Bi Rula ramani hakujua kusoma, lakini namba alizijua, na alizijua saba za mumewe, zile za mkato katikati. Akainama kutazama vizuri ndani ya maji. Chini ya zile saba palikuwa na kivuli cha namba nyingine iliyofutwa kwa kifutio. Ilikuwa tisini. Mtu aliandika tisini, akatazama, akafikiri, akafuta, akaandika sabini na saba.

Akasimama wima tena. Akaweka kiganja pale maji yalipoishia mwilini mwake, kwenye nyonga.

Pale kwenye nyonga ndipo lilipokuwa likifika kwapa la mtoto. Alikuwa na tabia ya kuja jikoni na kumwegemea mama yake akipika, mkono mmoja umemzunguka, na mama akijifuta mikono alikuwa akipapasa bila kuangalia na kukuta kichwa palepale kila mara. Huyo ndiye aliyepimwa hapa. Mtoto wa kimo kile akiingia katika maji haya, maji yanamfika kwapani, mikono iko huru, kichwa kiko nje, nyayo zimekanyaga sakafu. Katika maji haya mtoto wake angesimama.

Miezi mitano mtu yule alikuwa mezani akimsimamisha mtoto wake.

Bi Rula alilia. Alilia kwa sauti, maana mle ndani hakuna jirani, na machozi yake kwa kipimo kile hayakuongeza kitu kwenye bwawa. "Nilikukosea, baba watoto," alisema. "Nilikukosea, na ulinivumilia. Ahsante. Ahsante sana." Kisha, kwa kuwa maji yalikuwa ya uvuguvugu na chuma kilikuwa karibu, alichuchumaa mpaka yakamfika kidevuni, akakaa hivyo kidogo, akiyasikia mgongoni. Yakamstarehesha. Alicheka mwenyewe, bibi mzima, anacheza maji upande wa watoto.

Alipopanda ngazi ya juu na kukanyaga kiti, alikuwa na kimo chake na kanga zinachuruzika. Mtunza majalada alimpa taulo lake mwenyewe. Bi Rula akamshukuru, akamshukuru kwa feni, akamshukuru kwa kugeukia dirishani. Binti alimsugua nywele bila kuuliza kitu. Muuguzi huwaona watu wengi waliolia, anajua nani wa kuulizwa na nani wa kupewa chai.

"Sasa soma," alisema Bi Rula.

Mtunza majalada akasoma. Idara imepokea ombi na inalishukuru. Medali tajwa ni ya mashindano yasiyohesabika, hivyo ubao utabaki ulivyo. Kuhusu ujenzi wa bwawa, kiwanja kinatumika. Kuhusu shimo la machimbo ambalo mwombaji analitaja katika barua zote nne, kwamba liko wazi hadi leo na mwaka jana limechukua watoto wawili, suala hilo si la michezo. Nyuma ya barua palikuwa na nakala ya maneno ya waamuzi wa wakati ule, ambayo mtunza majalada aliitoa jaladani kwa hiari yake. Yalikuwa mistari miwili. Mchoro ni safi kuliko yote. Zawadi ya kwanza haikutolewa, kwa kuwa kina cha upande wa watoto, sentimeta sabini na saba badala ya tisini, hakilingani na kiwango chochote kinachojulikana.

Binti aliuma midomo. "Kwa sentimeta kumi na tatu tu," alisema. "Mama, unaona walivyomfanyia?"

"Naona," alisema Bi Rula. "Na Ijumaa itakuwaje?"

"Ijumaa gari litakuja," alisema mtunza majalada, "ila halichukui karatasi mbichi. Ni sharti la kiwanda. Hii nimeshaiandikia mara tatu kwamba haikauki, wameniambia ibaki mpaka ikauke."

"Haitakauka."

"Ndivyo na mimi ninavyoona, mama. Ukitaka kurudi, njoo kabla ya saa saba. Saa saba ni zamu yangu."

Akairudisha ramani kwenye droo namba kumi na tisa, akaweka ndoo chini yake, akawasha feni. Halafu akamletea Bi Rula kitabu cha wageni, kwa kuwa kila aliyesoma jalada hutakiwa kuweka sahihi. Kilikuwa na safu ya tarehe, ya jina, ya namba ya jalada, na ya mwisho ya maoni, ambayo watu huiacha wazi. Bi Rula aliomba kalamu. Aliandika polepole, vidole vyake vikiwa bado na makunyanzi ya maji: Kina ni sahihi. Mtoto anasimama.

Mtunza majalada akasoma, akaafiki kwa kichwa. Kisha akatoa muhuri, kama kanuni inavyotaka kwa majalada ya aina ile, akaupuliza, akaugonga kwenye mstari huo: HAIHESABIKI. Aliugonga pembeni kabisa, usifunike maandishi, na Bi Rula akamshukuru kwa hilo pia.