Mgongo Aliouchora Hedwiga

...hapana, sogeeni kwanza, nyote mnaosemea humu kichwani mwangu, marehemu na wazima, jibaneni hapa karibu kisha mnyamaze, leo nataka nisikie ninachoulizwa, maana Benadetha kauliza tena, yuko nyuma yangu kapiga magoti na kamera yake, bibi niruhusu nipige picha, na kanga yangu imeishia begani, haishuki wala haipandi, mjukuu wangu Domitila kaishika pindo upepo wa ziwa usije ukaitupa juu ya visamaki vya usipa tulivyoanika, naye ananung'unika mkono unakufa ganzi, bibi ama funua ama funika... ngoja, mama, mgongo huu umefichwa tangu masista walipotugawia blauzi, ukingoja kidogo haudhuriki... huyu Benadetha katoka chuo kikuu, anasomea namna watu wa kila kabila wanavyotengeneza vitu vya kupendeza, na kwa nini, jana katufunulia kitabu, wanaume wa visiwa vya mbali wenye mizunguko mashavuni, akina mama wa Kimakonde, migongo, matumbo, nikasema moyoni, kumbe hatukuwa peke yetu... lakini Kilian, mwanangu, katekista, asubuhi kasimama mlangoni na sauti ile ya kusomea matangazo kanisani, kwamba nembo, chale hizi za mgongoni, ni ushenzi tuliokwisha kuutubu, nikipigwa picha nitawatia aibu mpaka Mbinga, kisha akageuka kwenda kufungua duka lake la mitumba, siku hizi za ruksa ya biashara kila mtu ana duka, na mgongoni mwa fulana yake kuna mnyama wa Ulaya katoa meno, sijui mbwa, sijui shetani, hamjui aliyemchora, hajui ana maana gani, na ndiye anayetembea naye mbele za watu... nisicheke, nikicheka nitatikisika, ndivyo ilivyokuwa siku ile, shangazi Hedwiga na wembe wake, masizi na mafuta ya nyonyo kwenye kigae, mimi kifudifudi nimeuma kitambaa, maana msichana akilia watamsikia mpaka wanakochotea maji, basi shangazi akaanza kumwigiza jumbe wetu wa kijiji anavyotembea na viatu vipya vinavyombana, kwata, kwata, anasimama, anajidai kutazama ndege, kwata, nikacheka, wembe ukateleza, akanizaba kofi la tako, tulia wewe, umenipindishia kazi... na Egidi wangu, Mungu amrehemu, vidole vyake vilikuwa vinashuka mgongoni mstari kwa mstari, vikifika pale palipopinda vinasimama, ananiuliza, hapa jumbe kapita? na kitanda kinatetemeka kwa kicheko chetu... sasa Benadetha kagusa pale pale, chini ya bega, kwa adabu, kama anagusa mtoto aliyelala.

"Na huu uliopinda, bibi, una maana gani? Ni mawimbi ya ziwa?"

...niseme ni mawimbi, litapendeza kitabuni, Kilian naye atapata la kujitetea, ziwa si dhambi... lakini jana Domitila alinisomea maneno yaliyo chini ya picha zile, mwanamke wa kabila hili, mwanamume wa kabila lile, nikauliza na aliyemchora ni nani, akapekua, akapekua, hakuna, kama vile kabila zima lilishika wembe mmoja, na shangazi yangu alikuwa mtu, alikuwa na pengo mbele, alikuwa akijiimbia akichora, akinuka moshi na samaki... basi nimeamua, Kilian atanuna, na anune, nimemlea mwenyewe, kununa kwake hakufiki Jumapili, kanga itashuka, ila kabla haijashuka huyu binti ataandika chini ya mgongo wangu, Hedwiga wa Lipingo, na aandike kwamba mstari ulipinda kwa sababu alikuwa mchekeshaji, na akisema vitabu vyao haviandikwi hivyo, kanga inapanda na usipa tunaanua... Domitila anaguna, Benadetha bado anangoja, kanga iko pale pale begani, mimi ndiye sipo tena nilipokuwa... shangazi alipofariki walikaa wakagawana, mwanawe Romanus akachukua mtumbwi, wakwe wakachukua mbuzi na jembe, wembe ukatupwa ziwani, na sisi wasichana aliotuchora hakuna aliyetuita kikaoni, Scholastica fungu lake kalazwa nalo kaburini, Gaudiosa lake kavuka nalo ng'ambo ya Malawi na hajarudi, na hili nililorithi mimi ndilo hili, lina joto bado.