Nyuma ya Vitabu vya Nyuki

Mpima ardhi mstaafu alikuwa amenyoa ndevu mara mbili asubuhi ile, utadhani ni yeye anayeanza chuo. Bintiye alimwona, akanyamaza. Kunyamaza ndiyo kawaida ya binti huyu. Mama yake alifariki yeye binti akiwa darasa la kwanza, akalelewa na baba peke yake, na nyumba ya mtu anayepima hata nafasi kati ya sahani na glasi si nyumba ya makelele.

Sasa walikuwa wamesimama mbele ya maktaba ya chuo, baba na begi lake la safari, binti na kitambulisho kipya shingoni. Godoro limeshafika bwenini, ndoo imenunuliwa, kufuli limejaribiwa mpaka limechoka. Basi la baba lilikuwa la alasiri. Jambo moja tu lilikuwa limebaki, nalo lilikuwa limemkosesha raha tangu siku walipokuwa wakifunga mizigo.

Siku hiyo binti alikuwa ameshika picha ya mama yake. Akasema, "Baba, mimi namkumbuka akiwa kitandani tu. Dawa na shuka. Hata sauti yake sina." Alisema kwa utulivu, akairudisha picha mahali pake, akaendelea kukunja nguo. Mzee alikuwa na mke mzima kichwani, na vituko vyake na kelele zake zote, na mtoto hana hata kipande. Alaumiwe nani kama si yeye, ambaye kila akitaka kusimulia, koo linamkaba anaishia kuuliza kama taa za nje zimezimwa? Akakata shauri. Kama maneno hayatoki, basi atampeleka mtoto kwa miguu mpaka pale pale mama yake alipozoea kukaa, ghorofa ya juu ya maktaba, amwonyeshe kwa kidole.

Mlangoni palikuwa na mhudumu wa kupokea mabegi, bwana mnene mwenye tabasamu la mtu asiyebembelezeka.

"Kitambulisho, mzee wangu."

"Mimi nimesoma hapa, kijana. Wewe hujazaliwa."

"Nakuamini kabisa. Hata hiyo miwani inaonyesha umesoma. Lakini kitambulisho?"

Mzee hakuwa nacho. Mhudumu akamweleza vizuri, maana hakuwa mtu mbaya: waliohitimu wana kadi yao, unaleta picha mbili, mkutubi mkuu anatia sahihi, kadi inatoka. Mkutubi mkuu yuko wapi? Kikaoni. Atatoka lini? Mhudumu akacheka, akamuuliza kama yeye amewahi kuona kikao kinachojua mwisho wake.

Binti akamnong'oneza baba yake, "Mwambie unanisaidia kubeba vitabu. Ukimwomba kidogo atakuachia."

"Kanuni ni kanuni," mzee akasema, na papo hapo akatamani ayarudishe maneno yake mdomoni. Jana yake alikuwa amesafiri kutwa nzima kwa ajili ya ngazi zile, na sasa anajifungia mlango mwenyewe.

Lakini mtu haachi asili. Enzi zake hapa chuoni hakuna aliyemjua kwa jina lake la kweli, wote walimwita Kanuni. Yale masharti yaliyobandikwa ukutani, ambayo wenzake waliyapita kama wanapita mlingoti, yeye aliyahifadhi kichwani. Ukimya wakati wote. Usishike nafasi ya mtu kwa kuacha sweta kitini. Usile, usinywe. Kitabu chenye alama nyekundu husomewa humu humu, hakitoki maktaba. Aliyatazama ukutani leo, akayakuta yale yale, yameongezewa mambo ya simu, ya kuchapisha na ya kumuuliza mkutubi kwa kompyuta. Yalimpa faraja, kama kumkuta jirani wa zamani bado yupo nyumba ile ile.

Wakakaa kwenye benchi kando ya mabegi. Binti akatazama ngazi, akamtazama baba.

"Ulitaka kunionyesha nini huko juu?"

Mzee akasafisha koo. Hakuwa na pa kukimbilia tena.

"Mama yako alikuwa mwizi," akaanza. Binti akageuka mzima mzima. "Si mwizi hivyo. Subiri nieleze. Tulikuwa darasa moja, la upimaji, msichana alikuwa yeye peke yake. Na kitabu cha upimaji kilikuwa kimoja kwa darasa zima, kinene hivi, alama nyekundu mgongoni. Kila asubuhi nawahi mlango ukifunguliwa, nafika kwenye rafu, hakipo. Nawauliza wahudumu, wanasema hakijatoka, kimo humu humu. Muhula mzima nakitafuta. Nilikonda!"

"Sasa mama?"

"Mama yako walimwita Nyuki, kwa sababu kutwa yuko ghorofa ya juu, kwenye rafu ya vitabu vya ufugaji wa nyuki. Nikadhani kwao wana mizinga. Siku moja nikapanda huko kutafuta utulivu, nikamkuta ametia mkono nyuma ya vile vitabu mpaka begani, anavuta kitu. Anavuta nini?"

"Kitabu cha upimaji!"

"Kitabu cha darasa zima! Kila jioni anakificha, asubuhi anakifukua. Nikamwambia sasa hivi nakwenda kukushtaki. Akanitazama, akaniambia..."

Hapo mzee akakwama. Akavua miwani akaifuta na shati, ingawa ilikuwa safi. Binti akasubiri, lakini alimjua baba yake, akajua leo tena ndiyo basi.

"Nenda ukaone mwenyewe, mama," mzee akasema mwishowe. "Wewe una kadi. Ghorofa ya juu, kona ya mwisho, karibu na dirisha. Tia mkono nyuma ya vitabu."

"Kitakuwepo mpaka leo?"

"Wapi! Utakuta vumbi tu. Lakini utakuwa umeweka mkono alipokuwa akiweka yeye."

Binti akamwachia simu na mkoba, akapita. Mzee akabaki na mhudumu na mabegi ya watu, akijiona mzembe. Kipande kitamu kuliko vyote kilikuwa kimebaki kinywani.

Maana msichana yule hakutetemeka. Alimtazama Kanuni kuanzia viatu mpaka kichwani, akamuuliza taratibu, "Sharti linasema kisitoke maktaba. Kwani kimetoka?" Na Kanuni, mtu wa masharti, akayapitia yote kichwani, moja baada ya jingine, akakosa hata moja lililovunjwa. Msichana alipoiona sura yake ilivyoganda, akaangua kicheko. Kilikuwa kicheko kinachoanzia tumboni, kinapanda, kinakwama kidogo kama mlango unaokwaruza sakafu, halafu kinafunguka chote. Ukumbi mzima uliinua vichwa. Walitolewa nje wote wawili, Kanuni kwa mara ya kwanza maishani mwake, na huko nje ngazini wakasoma kitabu kingine hadi jua likazama, kisha wakaoana. Si upesi hivyo, lakini yeye ndivyo alivyokumbuka.

Kimawazo alikuwa bado yuko huko, miaka ile, aliposikia kicheko.

Kilitoka juu kabisa. Kikapanda, kikakwama kidogo, kikafunguka chote, kikashuka ngazi zote mpaka kwenye kaunta ya mabegi. Mzee akasimama. Begi lilimponyoka likaanguka, wala hakuliokota.

"Wanafunzi wapya hao," mhudumu akasema, akitikisa kichwa. "Kila mwaka."

Punde akatokea mkutubi mmoja, mwanamke mwembamba wa viatu visivyotoa sauti, anawatanguliza wasichana wawili. "Nje! Sharti la kwanza liko ukutani kwa herufi kubwa. Mtarudi mkiwa na adabu." Mmoja alikuwa msichana mrefu mwenye miwani. Wa pili, mkono mdomoni na machozi mashavuni, alikuwa bintiye, yule mnyamavu.

Walipofika nje kwenye ngazi, binti akashindwa tena kujizuia. "Baba, si vumbi! Viko vitabu vinne huko nyuma! Na huyu nimemkuta mkono umezama mpaka begani. Aliponiona akanyakua kitabu cha nyuki akajifanya anasoma, kitabu kichwa chini miguu juu! Namuuliza, eti anawapenda nyuki tangu utotoni!"

"Shikamoo, baba," msichana mrefu akasema, akitazama vidole vya miguu. "Tafadhali usinisemee. Hata mimi nilionyeshwa na dada wa mwaka wa tatu. Na yeye alionyeshwa na waliomtangulia."

"Marahaba." Mzee alijikaza. Ulimi wake, kwa mazoea ya maisha yote, ukatangulia mbele ya moyo. "Lakini mmemwambia mkutubi? Wenzenu wanavitafuta hivyo vitabu, wanakonda."

Binti aliacha kucheka. Akafikiri. Akamtazama baba yake kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Lakini baba, sharti si linasema visitoke maktaba? Kwani vimetoka?"

Mzee hakuwa amemwambia maneno hayo. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, miaka yote hii. Alimtazama mtoto wake amesimama pale, kichwa kimeinama upande, anasubiri jibu kwa dhati, na akasikia furaha ikimpanda kwa nguvu mpaka ikamuuma kifuani. Akakaa chini, palepale ngazini, kwenye vumbi, na suruali yake ya safari.

"Una nini, baba? Unaumwa?"

"Siumwi. Kaa hapa. Na wewe mwenye nyuki, kaa." Akavua miwani, na safari hii ilihitaji kufutwa kweli. "Hilo swali niliulizwa zamani, humo humo ndani, na mpaka leo sijalipatia jibu."

"Uliulizwa na nani?"

"Na mama yako. Halafu akacheka, tukafukuzwa." Koo lilijaribu kukaba, akalishinda. "Wewe uliniambia sauti yake huna. Unayo, mama. Nimeisikia sasa hivi ikishuka ngazi."