Gari Ambalo Halikuitwa

Kijiko kiligonga kikombe upande wa pili wa ukuta, mara tatu, taratibu, na Zulmira akafumbua macho gizani. Jirani yake Felisbela alikuwa akikoroga kahawa yake ya shayiri, na Felisbela haamki saa kumi na moja alfajiri ila Jumatano, siku ya kwenda mjini Régua kumwona mumewe katika nyumba ya wazee.

Hapo akakumbuka. Jana hakuwa amepiga simu.

Basi la kijiji lilikuwa limefutwa kwa kukosa abiria, na mahali pake likaletwa gari dogo la kuitwa. Ukitaka kusafiri kesho, unapiga simu ofisi ya mji leo kabla ya saa tisa alasiri. Usipopiga, gari haliji. Felisbela hasikii vizuri kwenye simu, kwa hiyo kila Jumanne Zulmira ndiye aliyemwitia gari, mwaka wa nne sasa, na Felisbela hajawahi kumuuliza kama amekumbuka. Jana mjukuu wa Zulmira aliyeko Lyon, Ufaransa, alimwonyesha kitukuu kwenye simu, jino la kwanza limechomoza. Wakacheka, wakaimba, saa tisa ikapita.

Angeweza kugonga ukuta. Angeweza kumpigia Osório, dereva, nyumbani kwake. Namba yake ilibandikwa kwenye jokofu, na Osório si mtu wa kukataa. Lakini ingebidi aseme, "Nimesahau." Akajiambia, ngoja kwanza, huenda kuna mwingine aliyeita. Akavuta blanketi mpaka masikioni. Akasikia ufunguo, akasikia lango, akasikia viatu vikishuka kwenye mawe yenye barafu. Muda mrefu baadaye, kumeshapambazuka, akasikia viatu vilevile vikipanda polepole. Muda wote huo alikuwa macho.

Saa sita mchana Felisbela aligonga mlango kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa imebeba bakuli.

"Jirani, fungua! Umezikwa?"

Akaingia bila kungoja jibu. Pua yake ilikuwa nyekundu bado.

"Yule Osório! Nimesimama pale mpaka miguu ikasahau kuwa ni yangu. Hakutokea! Treni imekwenda zake. Na leo Anacleto wangu anatimiza miaka themanini, mwenzangu. Themanini!"

"Pengine..." Zulmira alianza.

"Pengine nini? Usimtetee. Si uliita wewe?"

Mdomo wa Zulmira ulikataa kusema ndiyo, ukakataa kusema hapana. Kichwa ndicho kilichojibu. Kiliinama, kikainuka.

"Basi. Chukua, ule. Wali wa maziwa ukilala si wali tena."

Juu ya wali ule, kwa vidole vyake vilivyopindwa na baridi yabisi, Felisbela alikuwa amechora kwa mdalasini herufi ya kwanza ya jina la mumewe. Akamwekea Zulmira kijiko mkononi. Kisha akamtazama usoni, akamgusa paji la uso, akapiga magoti mwenyewe kuwasha jiko la kuni.

"Wewe unaumwa," alisema. "Hutaki kusema tu."

Zulmira alichota pembeni, akachota tena pembeni, mpaka pembeni pakaisha, ikabidi aile herufi.

Jumapili baada ya misa watu walikusanyika mkahawani kama kawaida, na Osório akaja kujitetea, kofia mkononi.

"Mimi sikuitwa! Nikiitwa, naja hata theluji ikinifika shingoni. Waulizeni ofisini."

"Labda ulikuwa umeitwa na chupa," alisema mzee mmoja, na wenzake wakacheka.

"Chupa yangu naijua, na yako pia naijua, Baltazar."

"Bi Zulmira aliita," alisema Felisbela kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasiosikia vizuri. "Huyu? Huyu atasahau jina lake kwanza kabla ya kusahau simu yangu!"

Wote wakaitikia kwamba ni kweli. Osório akamgeukia Zulmira, akamtazama mara moja tu. Alijua. Angeweza kusema neno pale mbele ya kijiji kizima, na hakusema. Alivaa kofia, akaiacha kahawa yake nusu kikombeni, akatoka. Zulmira alibaki ameshika ukingo wa meza. Mwanamume anaondoka na aibu ambayo si yake, na mwenye nayo yuko pale, amekaa, anamiminiwa sifa.

Jioni ile mtunza kanisa alimsaidia Felisbela kuandika barua ya malalamiko kwa ofisi ya mji, ya kuomba dereva abadilishwe. Kila mtu alijua kuwa Osório hana kazi nyingine. Mizabibu yake aliiuza mwaka mkewe alipougua.

Jumanne Zulmira alipiga simu saa tatu asubuhi, akataja majina mawili. Alimwambia Felisbela kwamba ataongozana naye, amsalimu Anacleto.

Jumatano gari lilifika kabla ya wakati. Osório alishuka, akakunja gazeti, akaliweka kwenye kiti.

"Kalia hapa, Bi Zulmira. Pale pamelowa."

Felisbela alipita bila salamu, akakaa nyuma. Zulmira aliapa kusema watakapofika darajani. Daraja likapita. Akaapa kusema stesheni, mbele ya wote wawili. Stesheni Osório akamshika mkono ateremke asiteleze, akawatakia safari njema. Alichosema Zulmira ni "asante", na sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto aliyevunja sahani.

Kwenye treni, mto ulikuwa upande wao wa dirisha. Felisbela alifungua mfuko, na katikati ya pajama zilizopigwa pasi akatoa bahasha.

"Nashuka kwanza ofisini, naiacha, halafu twende kwa Anacleto. Akome."

"Ana watoto wawili, Felisbela."

"Na mimi nina mume mmoja."

Kondakta alipokuja kutoboa tiketi, aliwaona wanawake wawili wameshikilia mifuko yao, akawafungia dirisha lililokuwa likiingiza upepo.

Nje ya stesheni ya Régua wakapanda basi dogo la mjini, lile linalopanda kilima. Kituo cha tatu ni cha ofisi, cha tano ni cha nyumba ya wazee. Watu walikuwa wamejaa na vikapu na maboga yao, siku ya soko. Felisbela akabonyeza kengele, akasimama, bahasha mkononi. Basi likasimama. Mlango ukafunguka.

Zulmira akamshika sketi.

"Usishuke."

"Niache, mlango utafungwa!"

"Sikupiga simu."

"Unasemaje?"

Kumbe lingelazimika kusemwa kwa sauti. Zulmira akavuta pumzi.

"Sikupiga simu! Nilisahau! Osório hakuitwa!"

Basi zima likageuka. Mwanamke mwenye boga akaacha kulipapasa boga lake.

"Mnashuka au hamshuki, mabibi?" dereva aliuliza.

Alingoja kidogo, kisha akafunga mlango polepole, akaendelea.

Felisbela alikaa. "Kusahau ni kwa kila mtu," alisema hatimaye. "Kwa nini hukusema nilipokuja na wali?"

Zulmira angeweza kuishia hapo. Jirani yake alikuwa amekwisha kumfungulia njia ya kutokea.

"Kuna zaidi," alisema. "Sikukumbuka baadaye. Nilikumbuka alfajiri ileile. Nilikusikia ukiamka, nikakusikia ukishuka. Nililala tu, nikakusikiliza."

Felisbela aliirudisha bahasha mfukoni. Kituo cha tano Zulmira alimpa mkono ateremke, naye hakuupokea. Alishika chuma cha mlango.

Langoni alisimama. "Jioni utamwambia Osório, na mimi nikiwepo. Jumapili utawaambia wale wengine. Lakini kwanza utamwambia Anacleto. Mimi sitakusaidia."

Anacleto alikuwa dirishani, amenyolewa, shati limefungwa mpaka kooni. Mhudumu mmoja kijana aliwanong'oneza kuwa Jumatano iliyopita alikaa hivyohivyo tangu asubuhi hadi taa zilipowashwa, asile. Yeye mhudumu alimaliza zamu, akabaki kukaa naye.

Zulmira alimweleza yote akiwa amesimama, kama mtu aliye mbele ya padri. Hakuacha kipande.

Anacleto alimsikiliza, akiangalia mikono yake.

"Nilidhani amekufa njiani," alisema. "Hawakuniambia kitu, nikajua wananificha."

Hapo Zulmira alilia. Felisbela naye alijifuta macho, kisha akaanza kupanga pajama kabatini kwa nguvu kuliko zilivyohitaji. Hakuna aliyesema, "Si kitu." Kilikuwa kitu.

Baadaye mzee mwenye fimbo, Hermínio wa chumba cha jirani, akachungulia na karata mkononi.

"Leo tuko wangapi?"

"Wanne," alisema Anacleto. Akamsogezea Zulmira kiti kwa mguu, bila kumtazama.

Walicheza michezo mitatu. Zulmira alicheza vibaya, akatupa karata kubwa mahali pa ndogo, na Felisbela, aliyekuwa upande wake, akasonya kila mara. Lakini saa ya treni ilipokaribia, akamshikia koti ili avae.

Walipofika mlangoni, Anacleto akaita. Felisbela akageuka.

"Si wewe, wewe najua utakuja. Bi Zulmira! Sisi hapa tumekuwa watatu mwaka mzima, na watatu hawachezi karata hizi." Akaguna, akakusanya karata zilizobaki mezani. "Unacheza kama mbuzi. Jumatano uje tena."